Wasifu wa Mzee Kondo

Habari za kifo cha Mzee Kondo zilimfikia Hosiana Jumanne asubuhi, akiwa amekaa kwenye kibaraza cha nyumba aliyopanga chumba Msamvu, anakunywa chai kwa chapati. Aliyepiga simu ni Yuliana, binti wa marehemu, ambaye walikuwa wameonana mara moja tu.

"Dada, baba ametutoka alfajiri," Yuliana alisema. "Mama amesema na wewe uambiwe. Tunazika kesho."

Simu ikakatika kabla Hosiana hajapata la kusema. Chapati ilimshinda. Akabaki ameishika mkononi, anahesabu siku. Ijumaa ile mpaka leo, siku kumi na moja. Siku kumi na moja tangu alipokaa mbele ya yule mzee kule Kinole milimani na kumsomea tangazo la msiba wa dada yake.

Hosiana alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili ya historia. Utafiti wake ulihusu miaka ya sitini Marekani, ile miaka kumi iliyoanza watu wakiwa na desturi moja na kwisha wakiwa na nyingine, jinsi inavyokumbukwa na Wamarekani weusi waliohamia Tanzania. Alikuwa amesoma vitabu mpaka macho yanamuuma. Alijua tarehe za maandamano, majina ya sheria, idadi ya waliokamatwa. Hakujua watu walikuwa wanaongea nini mezani wakati wa chakula huku dunia yao inageuka. Ndipo mtu mmoja pale chuoni akamwambia, "Mbona Kinole yupo mzee wa Kimarekani? Yule aliyeleta maji ya bomba."

Na kweli alikuwepo. Mzee Kondo aliingia nchini mwaka 1972, kijana wa miaka ishirini na saba, fundi wa mabomba, nchi ikiwa inawakaribisha Wamarekani weusi wenye ujuzi. Akapelekwa milimani kutega maji kwenye chemchemi na kuyashusha vijijini. Wenzake walipomaliza mkataba wakaondoka, yeye akabaki. Akamwoa Felista, mtoto wa pale pale Kinole, akajenga kwenye ardhi ya lukolo, ukoo wa mkewe, kwani kwa Waluguru ardhi inafuata ukoo wa mama. Jina la Kondo alipewa na baba mkwe. Maana yake ni vita, na mkwe alisema mtu huyu, hata akicheka, anaonekana ametoka vitani. Akapanda pilipili manga na mdalasini. Kiswahili chake kilikuwa cha Kinole kabisa, isipokuwa herufi r, ambayo ilikataa kuhama, ikabaki ya kwao.

Mara nne za mwanzo Hosiana alipopanda kwenda kumhoji, mzee alifurahi kama mtu aliyepata mgeni wa kucheza naye bao. Walikaa barazani. Bibi Felista alikaa pembeni na ungo, anachambua pilipili manga, na Hosiana aliweka simu yake juu ya kigoda inarekodi.

"Mwaka 1960," mzee alisimulia, "kila Jumamosi nyumba yetu ilinuka nywele zilizoungua. Mama alikuwa na kitana cha chuma, anakiweka jikoni kinapata moto, halafu anamnyoosha dada yangu nywele kwa ajili ya kanisa. Loretta amekaa katikati ya magoti ya mama, analia masikio yanaungua. Kesho yake sisi wavulana tumevaa tai tangu saa mbili asubuhi, tunaambiwa tusikae, suruali zitakunjika. Mama alikuwa anasafisha nyumba za wazungu, na alitaka Jumapili tusionekane watoto wa mtu anayesafisha nyumba za wazungu."

"Na mwisho wa miaka ile?" Hosiana aliuliza.

"Mwaka 1966 Loretta alirudi kutoka chuo nywele zimesimama hivi." Akaweka mikono miwili kuzunguka kichwa, mbali na masikio. "Hajaweka moto, hajaweka mafuta. Mama alikaa kwenye kiti akalia kama kuna mtu amekufa. Mwaka huo huo mimi nikatoa ukutani picha ya Yesu mwenye macho ya buluu. Mama akairudisha. Nikaitoa. Akairudisha. Hatukugombana kwa mdomo. Tuligombana kwa msumari ule."

Bibi Felista alicheka kwa sauti. "Hii mbona hujawahi kuniambia?"

"Hujawahi kuniuliza," mzee akajibu.

Alisimulia televisheni ilivyoingia nyumbani kwao, na jinsi walivyoona ndani yake watoto wa rika lao wakimwagiwa maji ya mpira wa zimamoto mpaka wanabiringika barabarani. Mama alizima, akasema tuombe. Yeye akawasha. Alisimulia vijana wa mtaani waliobadilisha majina, na wengine waliopelekwa vitani Asia wakarudi hawaongei. Alikuwa na kipaji cha kusimulia. Lakini Hosiana aliona kitu. Kila hadithi ilipofika kiangazi cha mwaka 1967, mzee aliruka kama mtu anayeruka ngazi iliyooza. Na kabla ya kuruka alihama kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, neno moja au mawili, na Bibi Felista, asiyejua Kiingereza, aliinua macho kutoka kwenye ungo akamtazama mumewe, kisha akaendelea kuchambua.

Mara ya tano Hosiana aliuliza moja kwa moja.

"Hapo paruke, mjukuu wangu," mzee alisema.

Msimamizi wake, Dakta Wilfred, hakutaka kuruka. "Sura ya tatu ina shimo," alimwambia ofisini, akigonga karatasi kwa kidole. "Miji inaungua, wanajeshi wako mitaani, na shahidi wako hana la kusema? Rudi."

Hosiana hakurudi mara moja. Kwanza aliingia mtandaoni. Alikuwa na jina la Loretta, alikuwa na jina la mama yao, alikuwa na jina la mji ambao mzee alimwomba asiutaje popote, aandike tu mji wa viwanda kaskazini. Haikuchukua muda. Loretta alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Tangazo la msiba lilikuwa na picha ya mama mtu mzima mwenye miwani, ametabasamu, mvi zake zimesimama kama taji. Hosiana alilisoma mara tatu. Alijiambia mzee ana haki ya kujua. Hilo lilikuwa kweli. Lakini chini ya kweli hiyo kulikuwa na jambo jingine ambalo alilijua vizuri, akakataa kulitazama: kwamba mtu akipata habari kama hiyo, atafunguka.

Ijumaa ile masika yalikuwa yamekolea, na bodaboda iliyompandisha ilikuwa inateleza kwenye matope kila kona. Alimkuta Bibi Felista jikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo usimchoshe. Kifua kinambana, hata uji ameacha nusu."

"Nusu saa tu, bibi."

Mzee alikuwa amejifunika blanketi barazani, uso umesinyaa. Hosiana alimsalimia, akakaa, akasema kwamba amepata habari za dada yake. Akamwuliza kama angependa kuzisikia.

Mzee alimtazama. "Amekufa," alisema.

"Ndiyo, babu. Pole."

"Soma."

Hosiana akasoma kwa Kiingereza kilekile kilichoandikwa. Loretta alikuwa mwalimu kwa miaka thelathini na nne. Aliimba kwaya. Aliacha binti mmoja na wajukuu wawili. Alipofika kwenye mstari unaosema ametanguliwa na wazazi wake na kaka zake wawili, alisita. Angeweza kuuruka. Aliusoma.

"Wawili?" mzee akauliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa, babu."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mzee Kondo alitazama migomba ya uani, midomo yake inacheza bila sauti. Kisha akaanza kusema, kwa Kiingereza, na hakuacha kwa muda wa saa tatu. Bibi Felista alitoka jikoni mara mbili, akasimama mlangoni, akaona machozi ya mumewe yanashuka bila kufutwa, akamwangalia Hosiana. Hosiana aliinamisha kichwa kwenye daftari. Hakuzima simu.

Alipomaliza, midomo ya mzee ilikuwa imepauka. Alirudi kwenye Kiswahili. "Hii ya mdogo wangu Raymond usiiweke kwenye kitabu chako."

"Nimekuelewa, babu," Hosiana alisema. Hakusema ndiyo.

Jumamosi na Jumapili aliandika kila neno. Jumatatu akamtumia Dakta Wilfred. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo: Sasa umefika.

Na sasa mzee alikuwa amekufa. Hosiana alivaa gauni refu, akafunga khanga kiunoni na nyingine akajitanda, akapanda mlima kwa mara ya saba.

Msiba ulikuwa umejaa. Turubai limefungwa uani, wanaume wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa, wanawake ndani na nyuma ya nyumba, masufuria makubwa ya maharage juu ya mafiga. Hakuwa ameweka mkoba chini alipoitwa na Mjomba Andrea, kaka yake Bibi Felista, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Yuliana alikuwa amekaa karibu naye na daftari la shule magotini, macho yamevimba.

"Binti, karibu, pole na safari," Mjomba Andrea alisema. "Tuna jambo. Kesho kabla ya kushusha mwili lazima wasifu wa marehemu usomwe. Kazaliwa wapi, na nani, mtoto wa ngapi, kaacha nani. Huyu tumeishi naye miaka hamsini. Tunajua kila bomba alilofukia. Lakini kabla ya 1972 tuna mstari mmoja tu."

Yuliana akamwonyesha daftari. Marehemu alizaliwa Marekani. Chini yake palikuwa patupu, halafu ndipo ulipoanza mwaka 1972.

"Nilikuwa nikimwuliza habari za bibi na babu wa kule," Yuliana alisema, "anasema wote wamekwisha. Nilidhani nitamwuliza vizuri siku moja."

"Wewe ulikuja kumwandika," Mjomba Andrea akamwambia Hosiana. "Tusaidie."

Katika simu iliyokuwa mkobani mwa Hosiana kulikuwa na saa kumi na nne za sauti ya mtu aliyelala kwenye jeneza chumba cha pili. "Naomba kwanza nimwone bibi," alisema.

Bibi Felista alikuwa amekaa kwenye mkeka chumbani, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, amefungwa kitambaa cheupe kichwani. Hosiana alipiga magoti, akampa pole, akashindwa kumtazama. Bibi aliwaambia wanawake waliokuwa naye wawaache kidogo. Walitoka mmoja mmoja, wakiburuza khanga.

"Wameshakwambia la wasifu," Bibi Felista alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Basi kabla hujaandika, niambie mimi. Ijumaa ile alikuwa anasema nini?"

Hosiana alimwambia. Alianza vibaya, akarudi nyuma, akaanza tena. Kwamba mzee alizaliwa akiitwa Walter. Kwamba walizaliwa watatu: yeye, Loretta, na kitindamimba aliyeitwa Raymond. Raymond alimpenda kaka yake kupita kiasi, alivaa kama yeye, alitembea kama yeye, na kaka alipoanza kusema maneno ya siku zile, kwamba dunia lazima ibadilike na ibadilike sasa, Raymond aliyashika maneno hayo kama sala. Kwamba Jumapili moja ya Julai mwaka 1967 mji wao uliwaka kwa ghasia. Mama alifunga mlango, akasema hakuna mtoto wake atakayetoka. Siku ya tatu, mchana, mitaa ilionekana imetulia. Walter alikuwa amekaa ngazini na wenzake wanabishana siasa, sigara zikamwishia. Akamwambia mdogo wake, nenda dukani mara moja.

"Alimtuma sigara," Bibi Felista alisema.

"Ndiyo, bibi. Duka lilikuwa kona ya pili. Wanajeshi walikuwa wamesimama hapo. Haijulikani walidhani wameona nini mpaka wakafyatua risasi. Raymond alikuwa na miaka kumi na sita."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Bibi Felista alivuta pindo la khanga yake.

"Mama yao," Hosiana aliendelea, "baada ya mazishi hakusema naye tena. Waliishi nyumba moja miaka mitano bila neno. Chakula anamwekea, nguo anamfulia, lakini neno hakuna. Ndipo babu akasikia Tanzania wanatafuta mafundi. Alimwandikia mama yake kila mwaka akiwa hapa. Hakujibiwa. Mwaka 1979 Loretta aliandika barua fupi, kwamba mama amefariki, na kwamba asiandike tena."

"Mwaka 1979," Bibi Felista alirudia. "Mwaka ule aliumwa. Nilimpikia mchemsho wiki nzima. Alisema ni malaria."

Alifumba macho. Alipoyafungua yalikuwa makavu, na hilo lilimtisha Hosiana kuliko kilio.

"Kila mwaka, Julai, alikuwa anapanda juu kwenye chemchemi. Anasema anaenda kukagua mabomba. Siku tatu. Akirudi hali, haongei. Mimi nilikuwa msichana, nikawa mama, nikawa bibi, najiambia kuna mwanamke. Ameacha mke kule, na Julai ndiyo siku yao ya harusi, au siku aliyomwacha. Nilimwuliza mwaka 1981, nimembeba Yuliana mgongoni. Akasema hakuna mtu. Sikumwamini. Nimekaa humu ndani kama mke wa pili kwa mtu nisiyemjua." Akapumua. "Miaka arobaini na tisa nimemwonea wivu mtoto wa miaka kumi na sita."

Hosiana alianza kulia. Bibi Felista hakumbembeleza.

"Mwenyewe alikuwa hataki kusema," bibi aliendelea. "Mara zote alikuwa anaparuka hapo. Nilikuwa nasikia, ingawa lugha siijui. Siku ile ulimwambia nini mpaka akasema?"

Hapo ndipo Hosiana angeweza kudanganya. Chumba kilikuwa kinanuka mafuta ya taa na nguo zilizolowa.

"Nilimsomea tangazo la msiba wa dada yake," alisema. "Limeandikwa kwamba kaka zake wote wawili walitangulia. Kule kwao walikuwa wamekwisha kumhesabu marehemu. Nilijua mstari huo upo, bibi. Nikamsomea."

"Na kifua kilikuwa kinambana."

"Ndiyo."

"Na nilikwambia usimchoshe."

"Ndiyo, bibi."

Bibi Felista alisema kwa sauti ya chini sana, kana kwamba hakutaka jeneza lisikie. "Ungeniambia mimi kwanza. Ungekuja jikoni ukasema, bibi, dada wa babu amekufa. Ningejua siku ya kumwambia. Ningemwogesha maji ya moto kwanza. Ningemwambia tukiwa wawili, na angelia kwangu. Umekuja na simu yako, amelia kwenye simu."

Hosiana alisema pole, na neno lenyewe lilimtoka dogo mno. Kisha akamalizia lile lililobaki, kwamba mzee alimkataza kuandika habari za Raymond, na kwamba yeye ameziandika na kumpelekea mwalimu wake.

Bibi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari za watu wa mbali. "Hayo ya mwalimu wako utajua mwenyewe. Sasa chukua kalamu, andika wasifu."

"Lakini alinikataza, bibi."

"Alikukataza kuweka kwenye kitabu. Kaburi si kitabu. Mtu haendi ardhini amekatwa nusu."

Wakaandika pamoja, Hosiana amepiga magoti sakafuni, daftari la Yuliana juu ya sanduku la nguo. Bibi aliuliza majina ya wazazi, akayatamka mara mbili mbili mpaka ulimi ukayazoea. Aliuliza Raymond alizaliwa mwezi gani. Aliuliza kama Loretta alikuwa na sauti nzuri, maana tangazo la msiba wake lilisema aliimba kwaya. Hosiana alijibu alichojua, na alichokijua kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani.

Siku ya pili mvua ilishika asubuhi, ikaachia mchana. Kaburi lilikuwa kwenye mteremko chini ya nyumba, na vijana walikuwa wanakomba maji kwa ndoo. Yuliana alisoma wasifu. Alisoma vizuri mpaka alipofika, "Marehemu alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu, mdogo wake Raymond aliuawa kwa risasi mwaka 1967, marehemu akamlilia maisha yake yote." Hapo sauti ikamkatika, na Mjomba Andrea akachukua karatasi akamalizia. Watu walitazamana. Wazee waliochimba naye mitaro miaka ya sabini waliinamisha vichwa. Hata watani, ambao kazi yao msibani ni kutania na kuzuia njia mpaka wapewe chochote, walikaa kimya.

Baada ya katekista kusali, Mjomba Andrea aliita kama ilivyo desturi. "Ndugu wa marehemu, upande wa baba na mama, wasogee waweke udongo."

Hakuna aliyesogea. Alikuwa ameita kwa mazoea, na alipotambua alichosema uso ulimshuka. Hosiana alikuwa nyuma, miguu yake imezama kwenye tope. Mwili wake wote ulitaka kwenda. Akajizuia, kwa sababu alijua hakuwa na haki hiyo.

Bibi Felista alijitoa mikononi mwa wanawake waliomshika. Aliinama kwa shida, akachota udongo mwekundu uliolowa, akautupa. "Wa Loretta," alisema. Akachota tena. "Wa Raymond." Mara ya tatu alichota mikono miwili, akakaa nao muda mrefu bila kuutupa, na hakutaja jina la mtu.

Wiki iliyofuata Hosiana alikwenda kwa Dakta Wilfred akamwambia anaiondoa sehemu ile ya 1967. Dakta Wilfred hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kifo cha yule kijana hakipo kwenye kitabu chochote," alisema. "Ukikifuta wewe, kimefutika."

"Kimesomwa Kinole, mbele ya watu mia tatu."

"Kinole hakuna maktaba, Hosiana."

"Najua, Dakta."

Aliifuta. Wasahihishaji walimpitisha, wakaandika kwamba sura ya tatu haina kina pale inapohitajika zaidi. Hosiana alilisoma neno hilo bila uchungu. Kilichomuuma ni kingine. Alipokuwa amelala au anapika au yuko kwenye foleni, alimsikia mzee anauliza, wawili?, na kila mara aliona nafasi ile ndogo ambapo angeweza kuuruka ule mstari.

Jambo moja alilifanya bila kumwambia mtu. Alimtafuta binti wa Loretta, akamwandikia kwamba mjomba wake Walter amefariki Aprili mwaka huu, nchini Tanzania, akiwa na miaka sabini na tisa. Majuma matano hakujibiwa. Jibu lilipokuja, alipanda nalo Kinole, na safari hii alipofika alikwenda moja kwa moja jikoni.

"Shikamoo, bibi. Nimepata barua ya mpwa wa babu. Nikusomee, au niiache?"

Bibi Felista alikuwa amekonda. Alikuwa anamenya ndizi, vidole vimejaa utomvu. "Sijakusamehe," alisema. "Lakini kaa. Soma."

Hosiana alitafsiri pole pole. Mpwa aliandika kwamba habari hizi zimemchanganya. Bibi yake na mama yake walimwambia kuwa mjomba Walter alikufa Afrika mwaka 1974, kwa homa. Picha yake ilikaa juu ya kabati pamoja na ya mjomba Raymond, na kila Julai mama yake alikuwa akiziwekea maua zote mbili. Hakujua kwa nini walidanganya. Aliuliza kama mjomba alikuwa na watoto, na kama aliishi vizuri.

Bibi Felista aliweka kisu chini. Moshi ulikuwa unamwingia machoni, hakujisogeza.

"Walimwekea maua," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Yuko hai, huku nampikia, wanamwekea maua." Sasa ndipo alipolia, kwa sauti, kichwa amekiinamisha mpaka karibu na magoti, na Hosiana alibaki amekaa pale pale kwenye kigoda, hajui kama amguse au asimguse. Mwishowe hakumgusa. Alingoja.

Kilio kilipopungua, bibi alijifuta uso kwa mkono wenye utomvu. "Hiyo simu yako inaandika barua ndefu?"

"Inaandika, bibi."

"Basi mjibu. Mwambie 1974 hakuwa na homa. Ndiyo mwaka aliokuja mara ya kwanza uani kwetu, fundi wa maji anaomba maji ya kunywa, na baba akamcheka. Anzia hapo. Mimi nitasema, wewe uandike, na nikinyamaza usiniulize kitu."

"Sawa, bibi," Hosiana alisema, akaanza kuandika.